Maua ya Kaburini Mlangoni Petu

Kitaji, Musoma
Jumapili jioni

Mwanangu Rebeka,

Umetoka sokoni moja kwa moja kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nakujua kuaga kwenu. Mnaanza na "nakuja mara moja tu", mwishowe mnaimba mpaka mwenye nyumba anaanza kupiga miayo kwa sauti. Kwa hiyo muda ninao. Baba yako yuko stendi anaulizia basi la asubuhi, ingawa aliliulizia jana na juzi akajibiwa vilevile. Sanduku lako nimelizungushia kamba ya katani, maana zipu yake ni ya mtumba na siiamini.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala kufunga mlango, wala wanaume. Maji na mlango unavijua, na ya wanaume hutanisikiliza. Nataka kukujibu swali lako la wiki iliyopita, uliponiuliza ukiwa unapepeta mchele nami nikajifanya sijasikia. Uliniuliza, "Mama, kama ni hayo maua tu yanayomzuia bibi kuingia ndani, si uyang'oe?"

Nilikusikia vizuri sana. Nilinyamaza kwa sababu jibu lenyewe ni refu kuliko mchele uliokuwa kwenye ungo.

Najua kilichokuwa moyoni mwako. Kwa watu wa baba yako, anayeondoka nyumbani hubarikiwa ndani, karibu na jiko, na yule aliyempa jina lake. Mabinti wote wa shangazi zako walibarikiwa hivyo. Akibarikiwa nje, wanasema baraka hubaki njiani na mtu akaenda mikono mitupu. Wewe umebeba jina la bibi yako, ndiyo maana mimi silitamki na nakuita kwa jina la ubatizo, maana jina la mkwe halichezewi mdomoni. Na bibi yako huyo, tangu wiki uliyozaliwa, hakuwahi kuvuka mlango wa nyumba hii. Ulikuwa unaogopa kwamba kesho utabarikiwa getini kama mgeni, halafu uende Singida kuanza ualimu wako ukiwa na nusu baraka. Mimi pia nilikuwa naogopa hivyo hivyo.

Leo mchana, ulipokuwa sokoni, jambo hilo limepata mwisho wake. Ningeweza kukuambia kwa mstari mmoja, lakini usingeelewa, na mimi mwenyewe ningejinyima raha ya kukumbuka.

Nilizaliwa upande wa Bunda, kwa wakulima wa pamba, kilima nyuma ya nyumba na barabara ya Mwanza mbele yake. Vumbi la mabasi lilikuwa kama ndugu mwingine pale nyumbani. Mama yangu, bibi yako ambaye hukumkuta, hakuwa mtu wa mapambo. Sikuwahi kumwona na hereni. Lakini kushoto na kulia kwa mlango wake kulikuwa na maua madogo ya pinki yenye jicho jekundu katikati, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ndiyo haya haya yaliyoko mlangoni petu. Kiangazi kikikolea mpaka mihogo ikaangusha majani, yenyewe yalikuwa yanachanua tu. Mama hakuyahangaikia. Alimwaga pale maji ya mwisho ya kuoshea sufuria, basi. Kwetu tuliliita ua la mlangoni, na sikuwahi kusikia jina lingine. Msichana akiolewa alichimbiwa miche, akaanze nayo mlango wake. Wazee wa kwetu walisema mlango usio na ua hilo ni mlango wa ghala.

Niliolewa wakati vitu vimeanza kupotea madukani. Mama alizunguka Bunda nzima akitafuta shuka la kunipa, hakupata. Asubuhi ya kuondoka aliichimba miche, akaipanga kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akafunika mizizi kwa kitambaa kibichi. Akanikabidhi akisema, "Shuka sina, binti yangu. Chukua mlango." Nikapanda lori la pamba alilokuwa analiendesha baba yako, nimelipakata lile kopo kama mtoto. Baba yako aliniambia baadaye kwamba aliona wivu njia nzima.

Watu wa mbali wakisikia Musoma wanadhani tunafungua mlango tunachota ziwa. Ziwa tunaliona kwa macho, maji tunayabeba kwa kichwa. Kiwanja hiki kilikuwa mawe na changarawe, na jua linapiga mawe asubuhi, mawe yanakurudishia jioni. Na mimi nilikuwa bibi arusi, nataka majirani waone kwamba nimelelewa. Nikawa nashuka kuchota maji alfajiri na kuyamwagilia maua, jioni tena. Yakaanza kulegea. Nikaongeza maji. Mama alipokuja kunitembelea aliingiza kidole chini ya shina moja, akanusa udongo, akanicheka mpaka akakaa chini. "Umeyazamisha," alisema. "Haya hayafi kwa kiu, yanakufa kwa huruma." Yaliyobaki nikayaacha kwa wiki kadhaa bila tone, huku moyo ukiniuma, nayo yakasimama.

Kisha ukazaliwa wewe. Bibi yako akaja kutoka kijijini kwao rasini, na kapu la furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa na kuku wa kuninywesha supu. Mimi niko ndani nimekubeba, nimevaa kitenge changu kizuri, nasikia sauti yake, halafu nasikia kimya. Nikachungulia. Amesimama getini, kapu kichwani, anaangalia mlango.

"Nani amekufa hapa?" akauliza.

"Hakuna, mama. Karibu ndani."

"Hii maua huku kwetu inapandwaga juu ya mtu aliyelala. Nyinyi mmemlaza nani hapo mlangoni?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Kwa watu wa baba yako, maua hayo hupandwa kaburini, ili aliyelala asichomwe na jua. Na hayapandwi na kila mtu. Hupandwa na mabinti wa ukoo peke yao. Mke aliyeolewa, mtu wa kuja kama mimi, hatakiwi hata kushika mche. Na mimi nilikuwa nimeyapanda kwa mikono yangu, mlangoni, kwenye nyumba yenye mtoto mchanga wa kupewa jina lake yeye. Baba yako alikuwa anayapita kila siku akienda kazini, asiyaone. Nilipomuuliza, alisema alidhani yanafanana tu. Wanaume wa rasini wanatofautisha samaki hata gizani, lakini maua kwao yote ni majani.

Bibi yako hakugomba. Ningependa angegomba. Aliketi juu ya jiwe pale getini, akaomba aletewe mtoto. Alikupa jina lake hapo hapo, barabarani, wauza dagaa wakipita na watoto wa jirani wakitazama. Mimi nilisimama nyuma ya pazia nikilia kwa aibu. Jioni alirudi kwao bila kunywa hata maji ya ndani ya nyumba yangu.

Unauliza kwa nini sikuyang'oa. Niliyang'oa, mwanangu. Ulipoanza kukaa, niling'oa yote nikayatupa nyuma ya choo. Mvua za vuli zikanyesha, na mbegu zilizokuwa zimedondoka zikaota mlangoni kama mchicha. Nikang'oa tena. Baada ya hapo ikaja habari kutoka Bunda kwamba mama yangu amefariki. Niliporudi kutoka kumzika, nimechoka, vumbi mpaka kwenye kope, nikakuta kwenye ufa wa ngazi ya saruji mche mmoja umechanua. Nilikaa kwenye ngazi nikauangalia mpaka baba yako akaja kunichukua. Sikuweza kuugusa. Kilichokuwa mlango wa mama yangu ndicho kilichokuwa kaburi la mkwe wangu, na mimi nilikuwa nimekaa katikati.

Tangu siku hiyo niliyaacha yakaota yanavyotaka. Bibi yako alisikia. Akawa anakuja, anaketi juu ya jiwe lake getini, tunamtolea uji na kiti, anacheza na wewe, anaondoka. Wewe ulikua ukidhani bibi wote duniani hukaa getini.

Baba yako aliteseka zaidi yetu. Siku moja alirudi na nyundo, akatoboa ukuta wa jikoni, akaweka mlango wa nyuma. Alikuwa na furaha kama fundi aliyetengeneza ndege. Akamleta mama yake, akamzungusha uani. Bibi akautazama ule mlango, akamtazama mwanawe. "Mimi ndiye nilikuzaa," akasema. "Niingie kwako kwa nyuma kama kicheche?" Ndiyo maana jiko letu lina milango miwili na upepo usiokwisha, na ndiyo maana hatujawahi kupika wali bila kugombana na mkaa.

Ile miaka ilikuwa migumu, nami naikumbuka kwa hamu, usimwambie mtu. Sabuni ilipopotea kabisa tulifua kwa majani ya mpapai na magadi. Nikajiona mjanja, kwa nini maji yale ya kufulia yapotee? Nikayamwaga kwenye maua. Kila kilichofikiwa na ile ndoo kilikauka mpaka mizizi, hata mishubiri iliyokuwa kando yake, niliyodhani haiwezi kufa. Yalipona ya kwenye ufa wa ngazi tu. Mpaka leo, maji ya kufulia nayamwaga barabarani, hata kama sabuni ni nzuri kiasi gani.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kunikagua. Wakati huo kila mtu alikuwa anahimizwa kupanda chakula, mihogo ilikuwa mpaka kando ya vyoo. Akasimama pale mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Rebeka, haya maua yanaliwaga?"

"Hayaliwi, balozi. Na redio yako je, inaliwaga?"

Akacheka. Alipokuwa anaondoka aliniomba miche ya mke wake. Hata hivyo nilipanda mihogo uani, na tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya manjano ya msaada, ambao watu waliukunjia uso na wewe ukauita ugali wa jua. Ulikuwa unachuma petali za pinki unazibandika kwenye kucha kwa mate, halafu unatembea na vidole vimenyooka, hutaki kushika kitu. Nilikuwa nakuangalia nikisahau kwamba chumvi imekwisha.

Hukumbuki sana Butiama, ulikuwa mdogo. Lori la baba yako lilihamishiwa huko kwa muda, tukakaa kwenye chumba kimoja cha kupanga. Ni huko, kwenye majabali, nilikokuta ule mmea wenye shina nono chini na jembamba juu, maua yake mekundu kama midomo iliyopakwa rangi. Tuliuita Mnene. Nikauleta pale tulipopanga kwa sherehe. Kiangazi kilipofika ukapukutisha majani yote, ukabaki kijiti. Niliumwagilia, nikauombea, nikautukana, kimya. Nikautupa kwenye banda la mbuzi la jirani. Mvua zilipokuja, mwenye mbuzi akaniita nikaone. Mnene kalala ubavu, mizizi nusu hewani, amechanua pale juu ya mavi ya mbuzi kwa furaha zote. Kumbe alikuwa amepumzika.

Nilimfikiria bibi yako siku ile. Kwa miaka yote ambayo hakuingia kwangu, hakuna msimu aliokosa kututumia samaki. Wavuvi walikuja nao mpaka mlangoni, wamefungwa kwenye majani, wakasema, "Mama katuma." Mimi samaki hao niliwapokea nimenuna, nikawapika nimenuna, nikawala nimenuna. Walikuwa watamu sana. Sikumrudishia hata salamu za maana. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu aliyenyamaza amenichukia, nikaona raha ya kuchukiwa bila kosa. Ni raha mbaya hiyo, Rebeka, na inazoeleka haraka.

Tuliporudi hapa Kitaji, maduka yakaanza kujaa tena. Unakumbuka wewe, mitumba ikamwagika, redio kila nyumba, sabuni za rangi zote. Baba yako akaenda Mwanza na kurudi na maua ya plastiki, fungu zima, akayachomeka mlangoni nilipokuwa kanisani. Hiyo ilikuwa hila yake ya pili ya kutupatanisha. Alidhani nitayapenda, niyang'oe ya kweli. Bibi alipokuja akayaona, akatikisa kichwa. "Haya hayamwitagi mtu kaburini," akasema, "lakini hata mbuzi hayatakagi." Jua la Musoma liliyapausha yakawa na rangi ya meno ya mzee, na baba yako mwenyewe akayaondoa kimyakimya. Sikumcheka mbele yake.

Huko Singida unakokwenda, wanasema mvua ni ya kusimuliwa. Utataka kupanda kitu, najua, una mkono wangu. Ningependa mwaka wa kwanza usipande chochote mlangoni. Angalia kwanza mvua ikinyesha inapita wapi, na jua la saa nane linaanguka ukuta gani. Utakapoona ua kwenye nyumba ya mtu, kabla hujauliza linaitwaje, uliza wanampandia nani. Mimi sikuuliza. Nilidhani ua ni ua. Ni kosa la mtu aliyehama safari ya nusu siku tu, maana Bunda na rasini si mbali hata kidogo, na ule ukaribu ndio ulionidanganya. Ningeolewa nchi za mbali ningeuliza kila kitu, hata chumvi.

Sasa nikuambie ya leo.

Baada ya ibada, ulipoenda kutafuta ndala sokoni, nilichukua jembe. Ndiyo, Jumapili. Nilikuwa nimelala na swali lako wiki nzima. Nikajiambia kwamba mama yangu ni mtu wa haki, ataelewa. Mtoto anaondoka, na mtoto ni mkubwa kuliko kumbukumbu. Nikaanza upande wa kushoto. Nilipong'oa kichaka cha kwanza ilikuwa kama nimemng'oa mtu jino. Nikashika cha pili. Nikasikia fimbo inagonga mawe ya getini.

Bibi yako alikuwa ameshushwa na pikapu ya wauza samaki. Amekonda tangu umwone Pasaka. Khanga inamzunguka mara nyingi mno.

"Unalima nini siku ya Bwana?" akauliza.

"Nakusafishia njia, mama. Nataka umbariki mjukuu wako jikoni."

Akaingia getini, hatua chache, akasimama mahali ambapo sijawahi kumwona amesimama. Akaokota kile kichaka nilichong'oa, akakigeuza akatazama mizizi yake kwa muda mrefu.

"Hii inakunywaga maji sana?"

"Haipendi maji, mama. Ya kuoshea sufuria yanaitosha, tena si kila siku."

"Ndiyo maana," akasema. "Ya kwa mzee inakufaga kila mwaka. Wale mabinti wanaimwagia kama wanaogesha mtoto, halafu wanarudi kwao Mwanza. Mzee amelala juani."

Mzee ni babu yako. Sikujua. Miaka yote hiyo nilidhani kaburi lake limefunikwa maua, maana mimi huwa sisogei karibu nalo, nakaa nyuma pamoja na wake wengine wa kuja.

"Hii wewe alikupaga nani?" akaniuliza.

"Mama yangu. Siku naolewa. Alitafuta shuka la kunipa, hakupata. Kwetu inapandwa mlangoni, msichana akianza nyumba."

Akanitazama. Macho yake yana ukungu sasa, sijui kama aliniona vizuri.

"Na miaka yote hii hukusemaga."

"Hukuniuliza, mama."

"Kweli," akasema. Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa najionaga najua."

Nilitaka kusema kwamba hata mimi nilijiona najua, lakini yeye hakuningoja. Akanisogezea kile kichaka.

"Rudisha."

"Nini, mama?"

"Rudisha kwenye udongo kabla jua halijaiua. Unangojaga nini?"

Nikapiga magoti nikafukua shimo. Naye akainama, mgongo ule, akashika shina lisimame wima wakati nashindilia udongo kwa viganja. Mikono yetu ilikuwa pamoja kwenye shimo moja. Ndipo aliponiambia, bila kunitazama, kama mtu anayezungumzia bei ya dagaa.

"Mimi nikilala, wale watakuja kulia. Kulia wanajua. Kupanda hawajui. Utapanda wewe."

"Mama, mimi ni mtu wa kuja."

"Nimesema utapanda wewe. Nitawaambia mwenyewe wakati mdomo bado ninao. Sitaki kulala juani kama mzee."

Rebeka, nimeolewa kwenye ukoo huu miaka mingi kuliko umri wako. Nimezaa humu, nimezika humu, nimepika kwenye misiba yao yote mpaka moshi umeniharibu macho. Nilikuwa bado mtu wa kuja. Leo, nikiwa na udongo mpaka kwenye viwiko, nimeambiwa nifanye kazi ambayo ni ya binti. Nililia pale pale, sikujificha nyuma ya pazia. Yeye alinishika bega ili ajiinue, akapita katikati ya maua, polepole, fimbo mbele, akavuka kizingiti.

Akasimama sebuleni akaangalia kuta, dari, makochi yetu yenye vitambaa. Unajua alisema nini? "Kumbe nyumba yenyewe ni ndogo hivi?"

Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Baba yako aliporudi kula na kumkuta mama yake amekaa kwenye kiti chake, alisimama mlangoni na kofia mkononi asijue aingie au atoke. Alikaa akala na sisi, kisha akasema anakwenda kuulizia basi. Nadhani alikwenda kulia.

Ukirudi, ingia bila kelele. Amelala kitandani kwako, ameniagiza nisimwamshe mpaka wajina wake afike. Amekula samaki wangu, kasema nimezidisha chumvi. Asubuhi atakubariki jikoni, kabla ya basi, kwenye moshi na ule upepo wa milango miwili, nawe utaondoka na baraka yote, haijabaki hata punje njiani.

Kuna jambo moja la mwisho, na nimeliandika leo kwa sababu kesho stendi sitaweza kulisema. Bibi yako ni mzee, na Singida ni mbali. Siku moja utapata habari ukiwa darasani. Nakujua, utataka kutupa chaki chini na kudandia lori la kwanza. Jaribu kufika, lakini barabara ikikushinda, mvua zikikata njia, ruhusa ikichelewa, usijitese kwa kudhani kwamba amelazwa bila mtu wako. Watu wa kulia watakuwepo. Na mimi nitakuwa mbele, si kule nyuma kwa wake wa kuja, nimepiga magoti na miche yangu. Njoo likizo, kwa wakati wako. Nitakushika mkono nikupeleke, na utamkuta hajachomwa na jua.

Ni mimi, mama yako, mikono bado ina udongo